Muamala Ulioachwa Wazi

12 Januari

Bisibisi mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, mama yako mzima, na karakana ikiwa imesimama. Mimi sijambo, kwa kiwango cha mtu wa umri wangu aliyepunguziwa mguu mmoja kuanzia chini ya goti. Baridi imeshuka, na mabomba ya jengo letu yanagonga kama mtu aliyesahau ufunguo. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, mshonaji mstaafu, bado ananiletea supu na bado anaichukua sufuria kabla sijamaliza. Msalimie sana dada yangu. Mwambie lile koti alilonishonea nilipoondoka bado ninalo, ingawa sasa limebaki mifuko na nia njema.

Nije kwenye jambo lenyewe. Uliniandikia kwamba mvua iliingia kwenye kabati la kadi na vipimo vya wateja wa marehemu baba yako vikawa uji. Habari hiyo iliniuma kuliko nilivyotarajia, nikakaa mezani, nikakuandikia programu. Iko kwenye flashi iliyomo ndani ya bahasha hii, nimeizungushia kitambaa.

Nimeiandika kwa lugha ile yenye jina la nyoka, kwa kuwa ndiyo pekee ambayo macho yangu bado yanaivumilia. Lugha hiyo ina maktaba, yaani zana zilizokwisha kuandikwa na watu wenye akili kutuzidi, na moja ya maktaba hizo inaiwezesha programu kubeba hifadhidata tumboni mwake. Hilo ndilo ninalotaka ulielewe. Hifadhidata nilizozitumia kazini zilikuwa na chumba chao, kompyuta yao, na bwana mmoja wa kuzilinda ambaye hakupenda kuulizwa maswali. Hii haina bwana. Hakuna seva, hakuna nywila, hakuna wa kumpigia simu. Ni faili moja tu lililokaa kando ya programu. Ukilinakili umeinakili karakana yote, ukilifuta umeifuta karakana yote, kwa hiyo usilifute.

Ndani yake mna majedwali matatu: la wateja, la miguu na la kalibu za plasta zilizo rafuni. Ulinzi wa kuyafunga pamoja nimeuwasha mwenyewe, kila programu inapofunguka, maana hifadhidata hii kwa tabia yake, usipoiambia, inakubali mguu usio na mwenyewe. Majina nayo sikuyabandika ndani ya amri kama wafanyavyo wazembe. Nimeacha alama za kuuliza, na maktaba inayajaza yenyewe kwa adabu. Bila hivyo, siku atakapokuja mteja wa kwanza mwenye ng' kwenye jina lake, ile alama ndogo ya juu itaikata amri katikati na programu italala chali.

Kanuni kubwa ni moja. Mteja anaingia mzima au haingii. Ukifungua fomu, muamala unaanza. Unaandika jina, unaandika mguu, unaandika namba ya kalibu, halafu unabonyeza Thibitisha. Kabla ya hapo hakuna kilichohifadhiwa, hata kama unakiona kwa macho yako, na mashine ikianguka katikati, hifadhidata ikiamka inakirudisha nyuma yenyewe, kimya. Ukibonyeza Ghairi, ni kama mtu huyo hakuwahi kupita mlangoni. Mimi nimefanya kazi maisha yangu yote kwenye ghala la vipuri ambako vitu vilivyoandikwa vilikuwa vingi kuliko vitu vilivyokuwapo. Sitaki hali hiyo imfikie mpwa wangu.

Kuna jambo dogo la mwisho. Mguu walionitengenezea huku ni mzuri, ni mwepesi, una vyeti. Unajua kutembea, ila mimi haunijui. Jioni nauvua na kuuegemeza konani ukitazama ukuta, tukapumzishana. Jirani amenipima kwa utepe wake wa ushonaji, na vipimo nimeviandika nyuma ya karatasi hii. Nitengenezee mmoja wa kwenu. Kuhusu kuja, tutaangalia hali ya hewa.

Mjomba wako,
Nukta

*

9 Februari

Mjomba Nukta, shikamoo.

Huku sote wazima. Mama ni mzima kiasi cha kugombana na fundi wa paa na kumshinda. Nilipomsomea salamu zako za koti alisema lile lilikuwa koti la msimu mmoja, hakukushonea uhamie humo. Niandike hivyo hivyo, amesema, nisipambe.

Paa limezibwa. Meza ya baba bado iko pale dirishani, na randa zake zimepangwa kama alivyoziacha. Kompyuta nimeiweka kwenye kona yake ya kulia. Karani wetu wa mapokezi, yule aliyekuwa akiandika kadi tangu enzi za baba, ameifunika kwa taulo na huifunua kila asubuhi kwa ncha za vidole. Amekubali kuitumia kwa sharti kwamba asilaumiwe.

Programu inafanya kazi. Dirisha moja ni la kwangu la vipimo, la pili ni la karani la mapokezi, na yote mawili yanaandika kwenye lile faili lako moja. Wa kwanza kuingia alikuwa mzee fundi viatu, mteja wetu wa siku nyingi, yule anayesema amemaliza miguu mingi kuliko jozi za viatu. Karani alimwandikisha bila kosa. Mzee akauliza kama kuanzia sasa kompyuta ndiyo itakayomshika goti. Nikamwambia bado ni mimi. Akasema basi haoni kilichobadilika, akaenda zake ameridhika.

Kisha nikakuingiza wewe. Nikaandika jina, umri, mguu wa kushoto chini ya goti. Vipimo vya jirani yako niliviandika vyote, hata pale alipoandika kwa penseli "hapa nikibana ananyamaza". Nilipobonyeza Thibitisha, programu ikaifuta fomu yote, ikasema: Hakuna kalibu. Haiwezekani. Maneno hayo uliyaandika wewe, Mjomba? Huna hata samahani?

Programu yako imekukataa, na mimi nakubaliana nayo. Mguu haupimwi kwa barua. Kigutu cha asubuhi si cha jioni. Nyama inashuka, mfupa unasogea, na mahali panapouma hapaandikwi kwa sentimita. Inanibidi nikushike. Nikupake mafuta, nikuvishe soksi, nikuzungushie bendeji ya plasta, nibonyeze kwa vidole gumba pembeni mwa mfupa mpaka useme hapo, hapo ndipo. Plasta ikikauka na kumbukumbu ya vidole vyangu ikiwa ndani yake, hiyo ndiyo kalibu, na mguu unatengenezwa kwa hiyo. Baba alifanya hivyo kwa kila mtu aliyeingia hapa, na hakumfanyia mtu yeyote kwa njia ya posta.

Njoo. Chumba cha nyuma kina kitanda.

Mama anauliza hiyo hali ya hewa inatarajiwa kuonekana lini.

Mpwa wako,
Bisibisi

*

2 Machi

Bisibisi, marahaba.

Tuko salama. Jengo limetengenezewa mabomba, na sasa yananong'ona. Jirani amepata mjukuu na amemshonea nguo za kutosha mpaka atakaposomea udaktari. Mwambie dada kwamba hali ya hewa ya huku ni jambo pana, na wataalamu wenyewe hawakubaliani.

Barua yako ilinifurahisha mno, nadhani si kwa sababu uliyokusudia. Imenikataa! Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Safu ile ya namba ya kalibu nimeikataza kuwa tupu, na sikuikataza kwenye fomu tu, ambako mtu mjanja anaweza kuzunguka, bali ndani ya jedwali lenyewe. Na namba inayoandikwa lazima iwepo kwenye jedwali la kalibu. Hata mimi niliyeitengeneza siwezi kupenya. Maneno yale ni yangu, na samahani niliifikiria, nikaona inaongeza urefu.

Najua unawaza nini. Unaweza kusajili kalibu ya uongo, ukaipa namba yoyote, programu isijue. Nakuomba usifanye hivyo. Rafu itajua.

Badala yake nimefanya jambo la busara zaidi. Nimenunua bendeji za plasta kwa mfamasia wa mtaani, ambaye hakuuliza kitu ila alinitazama mguu, kisha akaongeza moja bure. Jirani akanikalisha kwenye kigoda jikoni, akanipaka mafuta ya kupikia, akanifunga. Alibonyeza kwa vidole gumba kama ulivyoeleza, nikamsomea barua yako hatua kwa hatua. Alisema amewavalisha mabibi harusi waliotulia kuliko mimi. Plasta ilikauka vizuri, isipokuwa kwamba ilikauka pamoja na kigoda, tukapoteza kigoda. Kalibu nimeijaza magazeti, nimeitia kwenye sanduku la viatu, na leo asubuhi nimeipeleka posta. Ikifika, ipe namba, iweke rafuni, unithibitishe.

Ningekuja mwenyewe, lakini pasipoti yangu inahitaji picha mpya, na mpiga picha wa mtaani kwetu amehama.

Mjomba wako,
Nukta

*

4 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Sisi wazima, na jirani yako tunampa hongera ya mjukuu na pole ya kigoda. Mama amesema wapiga picha duniani hawajaisha.

Sanduku la viatu limefika. Limepigwa muhuri unaosema yaliyomo yalikuwa mazima yalipopokelewa. Nilipolifungua nilikuta magazeti yako, ambayo karani ameyanyoosha na anayasoma, na chini yake unga mweupe na vipande kama vya maganda ya mayai. Kipande kikubwa kuliko vyote kina alama ya kidole gumba cha jirani yako. Nimekiweka kwenye meza ya baba. Namba sikukipa, kwa sababu rafu itajua.

Sasa nina swali la kazi. Sanduku lilipofika, kabla sijalifungua, kwa furaha niliwasha dirisha langu, nikakuingiza: jina, umri, mguu wa kushoto. Nikabaki na ile safu ya kalibu. Nilipoona unga nikainuka, nikaacha kila kitu kama kilivyo. Uko hapo kwenye skrini, nusu umeingia.

Tangu siku hiyo karani hawezi kuandikisha mtu. Anajaza dirisha lake vizuri, anabonyeza, programu inangoja kidogo kama mtu anayevuta pumzi, halafu inamwambia: Hifadhidata imefungwa. Kuangalia anaweza. Wateja wote anawaona, fundi viatu anamwona, ila kuongeza mwingine haiwezekani. Mara ya kwanza alikuja kuniomba ufunguo. Alikuwa hatanii. Alizunguka nyuma ya kompyuta akatafuta.

Je, ni mimi niliyeharibu?

Bisibisi

*

23 Aprili

Mwanangu,

Salamu zote kama kawaida, mtanisamehe nazifupisha.

Hukuharibu. Umeacha muamala wazi. Nilipoisoma barua yako ilibidi niketi, na nilikuwa nimeketi.

Nisikilize. Hifadhidata hii, kwa kuwa ni faili tu na haina bwana wa kuamua ugomvi, ina sheria moja isiyojadiliwa. Wasomaji wanaweza kuwa wengi kwa wakati mmoja, mwandishi ni mmoja. Ni kama vile vibanda vya simu vya zamani vya kando ya barabara. Kila mtu kwenye foleni anamwona aliyemo kupitia kioo, lakini wa kuongea ni mmoja mpaka atoke. Sasa aliyemo kibandani ni mimi, na siongei, na foleni yote ya karakana imesimama nje ikinitazama.

Hali hiyo inatakiwa idumu kwa muda wa kufumba na kufumbua. Muamala unafunguliwa, unaandikwa, unathibitishwa au unaghairiwa, basi. Hauachwi wazi mtu akaenda kunywa chai, sembuse wiki nzima. Pale kazini kulikuwa na kijana aliyeacha mmoja wazi akaenda likizo, na aliporudi hakuna aliyemsalimia, hata mimi sikumsalimia.

Kwenye kona ya chini ya dirisha lako kuna kitufe cha Ghairi. Kibonyeze. Nitatoweka bila alama, karani ataendelea na kazi yake, na suala la mguu wangu tutalitafutia njia nyingine. Huu nilionao si mbaya ninapoketi. Kwa kweli ninapoketi hauna tatizo lolote.

Tafadhali fanya hivyo siku hiyo hiyo utakayopata barua hii.

Nukta

*

25 Mei

Mjomba Nukta, shikamoo.

Wote wazima. Mama amepata miwani mpya na ameanza kuona vumbi, kwa hiyo hakuna anayepumzika. Barua yako niliipata, nikaisoma mimi, akaisoma karani, akaisoma mama.

Sikubonyeza.

Usifadhaike kwanza, hakuna mteja anayeumia. Karani amerudia kadi zake, amenunua sanduku la bati lisiloingia maji, na tangu hapo ana furaha ambayo hakuwa nayo mwaka mzima. Watu wanapimwa, miguu inatengenezwa. Kinachosubiri ni programu yako tu. Fundi viatu aliuliza kwa nini tumerudi kwenye kadi, karani akamwonyesha skrini, akamwambia kuna mzee amekaa mlangoni haingii wala hatoki. Fundi viatu akakuangalia jina lako, akasema huyo aachwe, ana sababu zake.

Wiki iliyopita umeme ulikatika mtaa mzima. Uliporudi nikawasha kompyuta, nikafungua programu, na wewe hukuwapo. Nilitafuta kila jedwali. Faili zima lilikuwa safi, wateja wote wamekaa mahali pao, na wewe hakuna hata doa lako. Nikakumbuka maneno yako ya Januari, kwamba ambacho hakijathibitishwa, mashine ikianguka, hifadhidata ikiamka inakirudisha nyuma yenyewe, kimya, kama hakikuwahi kuwapo. Karani akajaribu dirisha lake, likafunguka. Akanitazama.

Nikarudi kwenye kiti changu, Mjomba. Kisha nikafungua dirisha langu, nikakuandika tena. Jina. Umri. Mguu wa kushoto. Karani alikwenda kuchukua kadi zake.

Umeme umekatika tena mara kadhaa tangu siku hiyo, unajua msimu huu. Kila ukirudi nakuandika. Siku hizi naweza kukuandika bila kutazama vidole.

Nilimweleza mama jinsi muamala unavyofanya kazi. Alielewa haraka kuliko karani na haraka kuliko mimi. Alikuwa anakata mikanda ya ngozi, hakuinua kichwa. Akasema, "Huyo anaogopa ngazi."

Nikamuuliza ngazi zipi. Akasema zile za mbele, za jiwe, ulizoshuka ukikimbia siku ile ulipoondoka, begi mkononi, yeye akiwa amesimama juu. Akasema wewe tangu utoto ukianguka huwa hulii, unakwenda kukaa mahali ambapo hakuna aliyekuona ukianguka. Kisha akaniambia nikuandikie hivi, neno kwa neno, na nimeandika akiwa amesimama nyuma yangu na miwani yake mpya:

"Ngazi zilivunjwa zamani. Shemeji yako aliweka mteremko. Kila anayeingia humu anaingia na mguu mmoja, na hakuna aliyewahi kuomba tumfungulie mlango wa nyuma."

Halafu akasema vumbi hili ndilo lililokuwa likimuumiza macho, akaenda kufagia.

Basi ndivyo ilivyo. Kuna vitufe viwili kwenye ile kona, na vyote viwili ni vyako. Mimi sighairi.

Bisibisi

*

20 Juni

Mjomba, shikamoo.

Barua yako haijafika. Labda posta.

Leo asubuhi umeme ulikatika tukiwa tunamimina plasta. Umerudi mchana. Nimekuandika.

Mama hajambo.

Bisibisi

*

19 Julai

Bisibisi mwanangu, marahaba, na marahaba ya ile ya Mei pia.

Si posta. Barua yako ya Mei ilifika kwa wakati, ikakaa mezani, nami nikawa naisogeza kila ninapofuta meza. Jirani aliniuliza ni bili ya nini. Nikamsomea. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua sufuria yake ikiwa na supu ndani, akashuka nayo. Alirudi siku ya pili akiwa na sindano na uzi na akaniamuru nimpe lile koti. Limepata bitana mpya. Mifuko ameiacha ilivyokuwa, amesema mifuko si kazi yake.

Dada amesema kweli kuhusu ngazi. Amekuwa akiisema kweli juu yangu maisha yake yote, na sijaona imchoshe. Niliziwaza zile ngazi kila siku, Bisibisi, moja moja. Ya tatu ilikuwa na ufa. Nilikuwa najua ni mguu gani ungetangulia na ningeshika wapi, na kwamba yeye angekuwa juu ananitazama. Nimefanya hesabu hiyo mara nyingi kuliko hesabu yoyote ya ghala, na kumbe ni ngazi ambazo hazipo. Baba yako alizivunja na hakuna aliyeniambia, kwa sababu sikuwahi kuuliza habari za mlango wa mbele. Niliuliza habari za paa.

Sasa kuhusu programu. Kosa ni langu, na ni kosa ambalo mwanafunzi wa mwezi wa kwanza angechapwa kwalo. Muamala hauanzishwi pale fomu inapofunguka. Fomu inajazwa kwanza, taratibu, binadamu akune kichwa, ainuke, arudi, atafute miwani. Akishamaliza na kubonyeza, ndipo muamala unaanza, unaandika yote matatu kwa mkupuo na kuthibitisha, kabla karani hajapata muda wa kuona kwamba mlango ulifungwa. Ni mstari mmoja tu wa kuhamisha kutoka juu kwenda chini. Nililijua hilo tangu barua yako ya Aprili. Niliuhamisha jioni ile ile, nikajaribu, ikafanya kazi. Toleo jipya limekaa kwenye flashi, ndani ya droo, tangu siku hiyo.

Ningeweza kukutumia. Ungeliweka, dirisha lako lingefungwa, foleni yote ingepita, nami ningebaki nje bila kumzuia mtu. Mara mbili nimeandika anwani yenu juu ya bahasha. Bahasha zote mbili nimezitumia kuandikia orodha ya dawa zangu.

Picha nimepiga. Mpiga picha hakuwa amehama, alikuwa amevuka barabara. Pasipoti imetoka, na ndani yake yumo mzee mmoja ambaye itabidi mniamini kwamba ni mimi. Nitafika tarehe kumi na nne ya mwezi ujao, asubuhi. Usije kunipokea, una kazi. Nitachukua teksi mpaka kwenye kona, na kutoka hapo nitatembea kwa huu mguu wa vyeti, uone mwenyewe unavyokosea kabla hujaushika. Flashi nitakuwa nayo kwenye mfuko wa koti.

Mwambie fundi viatu nimemsikia, na sababu zimekwisha. Mwambie karani asiuze lile sanduku la bati, huwezi kujua. Dada usimwambie saa. Atakuwa pale mlangoni hata hivyo, na nataka adhani ni kwa bahati.

Na lile dirisha, nimebadili mawazo. Usilifunge. Umeme ukikatika, niandike tena kama ulivyozoea. Ile safu ya kalibu iache tupu, na Thibitisha usikiguse. Plasta ikikauka nitakibonyeza mwenyewe.

Mjomba wako,
Nukta